Mrejesho: Lancaster ya mabwawa imesimama

Ndugu zangu, mtakumbuka niliuliza kama modeli ya Lancaster ya kawaida (ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu), ya kipimo cha 1/72, inaweza kugeuzwa kuwa ile iliyobeba bomu la kudunda katika shambulio la mabwawa ya Ujerumani, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943. Inawezekana, ingawa jasho limenitoka. Tofauti ya matoleo ya ndege hiyo, B.I na B.III, iliyonitia hofu bure, ni ndogo mno: ya pili ilitumia injini za Merlin zilizotengenezwa na Packard nchini Marekani, na kwa macho ni vigumu kuzitenganisha. Kazi ilikuwa tumboni, ambako niliondoa milango ya mabomu, na mgongoni, kwani ndege zile 19 hazikuwa na kibanda cha bunduki cha juu. Tundu lake nililiziba kwa kipande cha plastiki na puti, nikapiga msasa wa maji mara tatu, na bado ukucha ulikwama ukingoni. Mara ya nne ukateleza. Aliyenikataza kujaribu B.II, yenye injini za Hercules za silinda zilizopangwa duara, aliniokoa. Imebaki rangi nyeusi ya chini.