Wauza heda za Altezza Mbeya na Iringa, huu wizi mtauacha lini?

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa wauza spea za "kuongeza mbio", hasa heda (mabomba yanayopokea moshi kutoka kila silinda ya injini na kuupeleka kwenye ekzosi), kuanzia Iringa mjini, Mafinga, Makambako hadi Tunduma. Nitasema kwa ukali maana lugha laini imeshatumika na hakuna kilichobadilika.

Tuanze na tangazo lenyewe: "Heda ya Altezza, mpya, inaingia bila kukata." Altezza ipi? Toyota aliitoa hii gari, ile sedani, kuanzia 1998 hadi 2005 ikiwa na injini mbili zisizohusiana. SXE10, ile RS200, ina 3S-GE ya silinda nne. GXE10, ile AS200, ina 1G-FE ya silinda sita. Flanji (bamba la kufungia heda kwenye injini) ya matundu manne utaifungaje kwenye silinda hedi yenye sita? Halafu kuna wajanja zaidi, wanaleta heda ya Lexus IS300 iliyotoka Marekani, eti "bodi ni moja na Altezza". Bodi ni ndugu, sawa. Injini ya IS300 ni 2JZ-GE ya lita tatu, pistoni zake milimita 86. Pistoni za 1G-FE ni milimita 75. Sita kwa sita, lakini matundu hayakutani ng'o. Na ile ya Marekani imekunjwa kwa ajili ya usukani wa kushoto, ukiileta huku inatafuta shafti ya usukani. Bomba la ekzosi kukaribia shafti ya usukani halimalizwi na "fundi atapiga nyundo kidogo tu, boss".

Namba ya chesesi ipo kwenye kibati ndani ya boneti. Muuzaji anayetaja bei kabla ya kuuliza hiyo namba, mwache na bomba lake.

Sasa hizo "hosipawa 30" mnazodai heda inaongeza. RS200 ya gia za mkono ilitoka kiwandani na 210 kwenye rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) 7,600, AS200 na 160 kwenye 6,200. Hizo ni hesabu za usawa wa bahari. Mbeya mjini tupo takribani mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 18, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu kiasi hicho hicho. Yaani RS200 ikiwa Uyole ina 170 na ushee tu. Heda nzuri kweli kweli, bila kugusa kitu kingine, inakupa tano hadi kumi, tena juu kabisa kwenye rpm. Mwenye 30 alete karatasi ya daino (mashine ya kupima nguvu ya gari), kabla na baada, gari lile lile, siku ile ile.

Ukimuuliza muuzaji ni nne-kwa-moja (mabomba manne yanakutana mara moja) au nne-mbili-moja (yanaungana mawili mawili kwanza) anajibu "zote sawa". Si sawa. Nne-kwa-moja nguvu yake ipo mwisho wa rpm, mahali ambapo kwenye Kitonga au kupanda Isyonje hufiki mara nyingi. Barabara zetu zinataka nguvu ya katikati, rpm 3,000 hadi 5,000, na hiyo inatoka kwenye nne-mbili-moja yenye mabomba marefu. Na hapa ndipo ninapochemka: 3S inachoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kwa hiyo bomba la 1 linaungana na la 4, la 2 na la 3, ili mipumuo ya kila jozi ipishane sawasawa. Nyingi zinazouzwa huku zimeunganisha 1 na 2, kisha 3 na 4, kwa sababu ni rahisi kukunja. Moshi wa silinda moja unakuja kuisukuma jirani yake ambayo bado inatoa. Fuata mabomba kwa kidole ukiwa dukani, dakika moja inatosha. Kwa 1G utaratibu ni wa tatu-tatu: 1, 2 na 3 pamoja, 4, 5 na 6 pamoja.

Kuhusu chuma. Mnatutolea sumaku, "ona, haishiki, hii ni 304", yaani daraja zuri la chuma cha pua. Chuma cha pua cha 201 nacho hakishiki sumaku, na kinaota kutu haraka kuliko 304, hasa Rungwe ambako mvua haina msimu wa kupumzika. Sumaku itakukamatia chuma cheusi kilichopakwa rangi ya fedha na chuma cha pua cha 409, basi. Angalia ndani ya bomba kwa tochi ya simu. Kama walichomelea bila kujaza gesi ya agoni ndani (inayozuia weldi isiungue), utaona weldi imetoka chenga nyeusi kama sukari guru iliyoungua. Hapo ndipo ufa unapoanzia, na zile chenga zinazuia njia ya moshi. Ukuta wa bomba chini ya milimita 1.5 sichukui hata kwa bure.

Flanji ndiyo jipu lenyewe. Za bei poa ni nyembamba, zinachomelewa bila kubanwa kwenye jigi (fremu ya kuzishikilia), zinapoa zimejikunja kama upinde. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya matundu yote, inua usawa wa macho dhidi ya mwanga. Mwanga ukipita katikati, chomeka fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Ikiingia ya 0.3 mm rudisha mzigo, au ulipie kukwanguliwa kwa mashine, jambo ambalo muuzaji hakukuambia.

Fundi wa kona atakwambia "tutapaka silikoni nyekundu". Hiyo silikoni inavumilia nyuzi mia tatu na kitu. Mdomo wa ekzosi unapita mia saba gari likivuta mlima. Itaungua, na mvuke wake unaua oksijeni sensa (inayopima oksijeni kwenye moshi). Gasketi ni ya chuma ya tabaka kadhaa, mpya, basi. Kaza ukianzia nati za katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, siyo moja hadi mwisho. Gari likishapata moto mara mbili tatu, likapoa kabisa, rudia kukaza. Stadi (bolti zilizosimama kwenye silinda hedi) za zamani zilowekwe mafuta ya kutu usiku kucha kabla ya kufungua: ikikatikia ndani ya silinda hedi ya aluminiamu, bei ya heda utaisahau.

Kinachofuata mkikwepa hayo: flanji inavuja, unaona mstari wa masizi umelala kwenye silinda hedi kando ya gasketi, na asubuhi gari linapiga tik-tik-tik hadi lipate moto. Ule uvujaji unavuta hewa ya nje mbele ya sensa. Sensa inasoma kuna oksijeni nyingi, kontroboksi (kompyuta ya injini) inaamini petroli ni kidogo, inaongeza. Plagi nyeusi, mafuta yanaisha, taa ya cheki injini inawaka, na fundi anabadilisha sensa nzima isiyo na kosa.

Tundu la sensa nalo likae baada ya mabomba kukutana, likielekea juu ili maji yasisimame ndani. Mmetuuzia zenye tundu kwenye bomba la silinda moja! Inasoma silinda moja na kuamua kwa zote.

Breketi ya kushikilia heda kwenye bloku hamuiweki. Uzito wote wa ekzosi unaning'inia kwenye flanji, gari linapita matuta ya barabara kuu ya TANZAM, ufa unatokea kwenye maungio. Kisha mnasema "uliendesha vibaya".

Na msituletee ile bandeji ya joto kama dawa. Kwenye chuma cheusi inashika maji na kuozesha bomba chini kwa chini.

Kuna mwenye duka kaniandikia pembeni kwamba kifaa kikishafungwa hakirudi. Sawa, lakini kisichoingia hakijafungwa. Kama flanji haikai kwenye stadi, hicho hakijawahi kuwa cha gari hilo, na hela inarudi yote.

Wenye mkasa kama huu wekeni picha hapa chini: flanji ikiwa na rula juu yake, na kibati cha chesesi. Majina ya maduka na namba za simu za watu msiweke.