Naomba ushauri: kioo cha mbele cha gari hubaki na michirizi kila ninapokisafisha

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu kioo cha mbele cha gari langu, ambacho upande wake wa ndani hubaki na michirizi kila ninapokisafisha, nayo huonekana zaidi usiku ninapomulikwa na taa za magari yanayokuja, kiasi cha kunitia hofu barabarani. Ninaelewa kwamba mvuke unaotoka kwenye plastiki ya dashibodi wakati wa joto huacha utando kwenye kioo, na kwamba dawa ya kusafishia kioo ikipakwa juani hukauka kabla haijafutwa. Ndiyo maana ninasafisha kivulini, kwa maji yenye sabuni kidogo sana, kisha ninakausha kwa kitambaa laini. Huenda tatizo ni kitambaa chenyewe, kwa kuwa nimekuwa nikikifua kwa dawa ya kulainisha nguo, ambayo huacha mabaki. Je, kitafaa tena nikikifua kwa sabuni ya kawaida, au ninunue kingine? Vioo vya nyuma vina tinti, kwa hiyo naepuka dawa yenye amonia. Na pale chini, kioo kinapokutana na dashibodi, mkono haufiki vizuri, ninyi mnapasafishaje?