Spreigani inakohoa na klia inapauka, nipo Mtwara, naombeni msaada

fundi_ligula
Habari zenu mafundi. Nina karakana ndogo ya fenicha hapa Ligula, napiga vanishi kwa spreigani (bunduki ya kupulizia rangi) ya kikombe cha juu, nozeli yaani mdomo wa kutolea rangi ni milimita 1.4, kompresa lita 50. Wiki ya pili sasa nikivuta triga haitoki mfululizo, inakohoa pu pu pu, mara inatoka mara inakata, kwenye mbao panabaki matone kama upele. Nimeosha mpaka nimechoka, mwisho nikaitumbukiza yote kwenye ndoo ya thina ikalala humo, asubuhi ndo imezidi kuwa mbaya.

Na juzi limekuja lingine. Nimepiga klia, ile vanishi isiyo na rangi, kwenye kitanda cha mninga saa kumi na mbili asubuhi, mvua imetoka kukata, haijapita dakika kumi kitanda kizima kimepiga ukungu mweupe, ule wekundu wa mninga hauonekani kabisa. Mteja katoka Tandahimba, kauza korosho zake, anamwozesha binti Jumamosi ijayo na kitanda ndo hicho. Sijalala. Ninunue bunduki mpya au?

mkongo_masasi
Pole sana kaka. Usinunue kwanza. Ikikohoa hivyo ujue hewa inapita kwenye njia ya rangi. Weka thina kidogo kwenye kikombe, fungua mfuniko, vuta triga uku unachungulia ndani. Ukiona mapovu yanapanda basi nozeli imelegea au pale inapokalia pana uchafu au pameumia, vua, safisha kitako chake, rudishia ukaze kwa spana yake, usitumie praya utaiharibu. Kama hakuna mapovu angalia katundu ka hewa kwenye mfuniko, mara nyingi kameziba na rangi iliyokauka, rangi inashuka kidogo halafu inakwama.

Ila hiyo ya kulaza kwenye thina usirudie tena kaka. Ile pakingi inayoshika sindano nyuma inakauka na grisi yote inaondoka, ndo mana asubuhi imezidi. Badilisha pakingi, paka grisi kidogo kwenye sindano, kaza taratibu mpaka sindano irudi yenyewe ukiachia triga. Ukikaza sana haitafunga mbele na rangi itaanza kudondoka.

dada_wa_rangi_lindi
Kaka yangu hapo una matatizo mawili, usiyachanganye. Ukungu sio bunduki, ni unyevu. Huku kwetu pwani kazi zinatujia zote kwa pamoja watu wakishalipwa korosho zao mnadani, na hapohapo mvua zinaanza, ndo mana kila mwaka kipindi hiki mafundi tunalia. Thina ikiruka inaupoza ubao, ubao ukipoa unashika maji ya hewani, klia inageuka nyeupe. Asubuhi baada ya mvua ndo saa mbaya kuliko zote.

Sasa nikuulize, koki ya chini ya tangi la kompresa uliifungua lini mara ya mwisho?

fundi_ligula
Dada sikufichi, tangu ninunue sijawahi kuigusa. Nimeenda kuifungua saa hii, yametoka maji ya kahawia kama chai, nimekinga yamejaa chupa ya nusu lita na bado yanachuruzika. Na mkuu wa Masasi mapovu nimeyaona kweli, nozeli ilikuwa inazunguka kwa vidole! Nimekaza, haikohoi tena. Ila sasa inapiga umbo la mwezi mchanga, imepinda upande mmoja.

dada_wa_rangi_lindi
Maji hayo yote yalikuwa yanaenda kwenye kitanda. Mwaga kila jioni ukimaliza kazi, na filta ya maji usiifunge mdomoni mwa kompresa, hewa inatoka ya moto na maji bado ni mvuke yanapita tu, iweke mbali mita kadhaa karibu na wewe, hewa ikiwa imeshapoa. Ukitaka uhakika puliza hewa tupu kwenye kioo kikavu, kikibaki na vitone bado kuna maji, kikibaki na mafuta angalia oili ya kompresa.

mkongo_masasi
Huo mwezi mchanga ni kofia ya mbele. Izungushe nusu mzunguko upige kwenye boksi. Mwezi ukigeukia upande wa pili, tundu la pembeni la kofia limeziba, usipogeuka shida iko kwenye nozeli. Usichokonoe kwa waya wala msumari, tundu likipanuka kofia umeitupa. Loweka kofia peke yake kwenye thina halafu pitisha mshipi wa kuvulia, ule mwembamba.

fundi_ligula
Umegeuka! Natafuta mshipi sasa hivi, jirani ni mvuvi. Na kitanda je, nikwangue chote?

dada_wa_rangi_lindi
Usikwangue. Kama ni klia ya kawaida ya thina subiri saa saba mchana jua limewaka, ubao uwe wa vuguvugu mkononi, pulizia thina inayokauka polepole, nyembamba sana kama pumzi, usikae sehemu moja. Klia italainika itoe unyevu wenyewe. Jaribu chini ya kichwa cha kitanda kwanza, pasipoonekana, ukiona wekundu unarudi endelea. Vaa barakoa, na moto usiwe karibu.

fundi_ligula
Leo saa saba na nusu nimejaribu chini ya mguu. Mninga umerudi.