Mifumo ya kizamani maofisini Kigoma: tuitupe au tuiache?

Mwana Gungu: Shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari. Nauliza kwa uchungu. Nimempeleka mama ofisi moja hapa mkoani kufuatilia mafao ya marehemu baba. Kumbukumbu za wastaafu wa miaka ile ziko kwenye kompyuta moja ya kichogo, programu ya FoxPro, na anayejua kuifungua ni mtumishi mmoja tu. Yuko likizo. Tukaambiwa turudi akirudi. Mama ametoka Kalinzi kwa nauli ya kukopa. FoxPro toleo lake la mwisho lilitoka 2004, na Microsoft wenyewe wakaacha kuihudumia 2015. Sasa kwa nini vitu hivi visitupwe vyote, serikali ikaanza upya?

Karani Mstaafu: Marahaba mwanangu, pole kwa msiba. Lakini umelaumu programu kwa kosa la ratiba ya likizo. Mimi hizo programu nimezitumia. Enzi za majenereta, kabla gridi haijafika Kigoma, umeme ulikatika mchana kutwa, ukirudi unawasha na kazi inaendelea. Huu mfumo mpya wa mtandao, mtandao ukikata tu ofisi nzima inakaa kutazamana, na mwananchi anaambiwa "mfumo haufunguki" kana kwamba amejibiwa.

Tehama Mlole: Mzee, heshima yako, ila hapo kwenye umeme hapana. Mafaili ya FoxPro yana faharasa pembeni, ndiyo inayoonyesha jina fulani liko mstari gani. Umeme ukikatika wakati unaandika, faharasa inavurugika. Ukitafuta jina unaambiwa halipo, kumbe lipo. Ni wajane wangapi wamerudishwa nyumbani kwa sababu hiyo? Halafu faili lenyewe mtu analinakili kwenye flashi, analifungua kwa programu nyingine, anabadilisha tarehe ya kuajiriwa, analirudisha. Hakuna alama yoyote inayobaki.

Mwana Pwani: Mnakuza mambo. COBOL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ni ya 1959 na hadi leo Marekani wanalipia watu mafao kwa COBOL. 2020 wakati wa korona gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alisimama mbele ya waandishi akaomba watu wa kujitolea wanaoijua lugha hiyo, maana waombaji wa mafao ya kukosa kazi walikuwa wamefurika. Matajiri wale hawajatupa. Nyie wa mwisho wa reli mna haraka ya nini? Ngojeni Dar na Dodoma wamalize kwanza, mtafikiwa.

Binti Ujiji: Rudia hiyo. Tungoje nani? Watu wameingia Ujiji kwa biashara kabla hiyo reli haijawazwa. Reli yenyewe ilifika ziwani 1914, na kwa anayepanda treni Kigoma hapa ndipo inapoanzia. Umeme tumengoja, lami tumengoja, sasa hata faili la marehemu tungoje mumalize?

Mzee wa Buhigwe: Mjibu mwanangu. Hawa wakisikia Kigoma wanawaza dagaa na mawese tu.

Mwana Pwani: Sijatukana mtu, "mwisho wa reli" mnajiita wenyewe. Nimeongelea mpangilio. Mbona Liemba mnaisifia kwa uzee? Meli ya 1913, ilizamishwa na Waingereza, ikaibuliwa, ikaendelea kubeba watu. Uzee wa meli ni fahari, uzee wa programu ni aibu?

Nahodha wa Kibirizi: Kama huijui Liemba usiitaje. Waingereza hawakuizamisha, waliiibua 1924. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 ili isitekwe, na kabla ya hapo wakaipaka mitambo grisi wakitegemea kuirudia. Ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa meli hadi Dar, kisha kwa treni, ikaunganishwa hapahapa Kigoma. Ikaitwa Liemba 1927. Babu yangu amefanya kazi humo.

Mwana Pwani: Sawa nahodha, nimekubali kuhusu Waingereza. Hoja yangu iko palepale: kitu cha zamani kilichotengenezwa vizuri kiachwe.

Tehama Mlole: Haiko palepale hata kidogo! Liemba haikuachwa. Ilikuwa ya mvuke, miaka ya 1970 wakatoa mitambo ya mvuke wakaweka dizeli. Kilichobaki ni bodi. Ndicho ninachotaka kwenye hizi ofisi: kumbukumbu za watu zibaki, kinachoziendesha kibadilishwe, na kibadilishwe mapema, kabla anayejua cha zamani hajastaafu.

Nahodha wa Kibirizi: Na ongeza hili. Ilipokuja kusimama miaka kadhaa ikisubiri ukarabati, watu wa Kirando na Kasanga wamesafiri kwa maboti ya mbao, mawimbi yanaingia ndani, akina mama wana watoto mgongoni. Msiseme "iachwe" na ninyi hamvuki ziwa.

Binti Ujiji: Hilo la maboti watu wa pwani hawaliongelei kabisa.

Mwana Gungu: Ndugu zangu, Liemba naipenda kama ninyi. Naomba turudi kwenye mafao.

Karani Mstaafu: Kwanza nimjibu huyu wa Mlole. Umesema mtu anabadilisha tarehe na hakuna alama. Unatuita wezi? Nimekaa masjala hadi nikastaafu. Kila badiliko lilikuwa na barua kwenye faili, folio ina namba, mkubwa amesaini. Kompyuta ilikuwa ya kutafutia haraka tu, ushahidi ulikuwa karatasi. Ninyi mlizaliwa mkakuta kompyuta kila mahali, hamjui kwamba nchi hii iliweka ya kwanza Wizara ya Fedha 1965, mahesabu yakavurugika, na 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Marufuku kabisa! Waliofanya kazi miaka ile walijua kuandika rejista ikasomeka.

Tehama Mlole: Sikukuita mwizi mzee wangu, na kama nimekuumiza nisamehe. Nimeongelea faili, si mtu. Mfumo mzuri unaandika nani kabadilisha nini na saa ngapi. Huo unamlinda hata karani mwaminifu, maana siku ikizuka kesi anayo ya kujitetea.

Mwalimu Kasulu: Hapo ndipo ninapoogopa. Uingereza, shirika la posta lilileta mfumo mpya uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, ukaanza kusambazwa 1999. Ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wenye matawi ya posta wakasema hatujaiba, hawakusikilizwa, kompyuta ikaaminiwa. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, na 2024 Bunge lilibidi litunge sheria ya kufuta hukumu zile. Mfumo ule ulikuwa mpya kabisa. Mimi sijali uwe wa FoxPro au wa mwaka huu. Najali kama mama yake Mwana Gungu akiwa na barua yake mkononi, na kompyuta inasema jina halipo, nani ataaminiwa?

Mwana Pwani: Basi mwalimu umeniunga mkono, tusikimbilie vipya.

Mwalimu Kasulu: Sijakuunga mkono. Wewe umesema Kigoma ingoje.

Karani Mstaafu: Mwana Gungu, nimekusamehe hilo la kutupa. Sikia. Usingoje mtu wa likizo. Nenda masjala, si dirishani. Omba faili binafsi la baba, uwe na cheki namba yake ya utumishi, barua ya ajira ya kwanza na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Karatasi ya kwanza ndani ya faili itakuwa na tarehe ya kuajiriwa. Wakisema faili halionekani, dai wakuandikie hivyo kwa barua yenye mhuri. Hawatapenda kuandika, wataenda kulitafuta.

Mwana Gungu: Asante sana mzee. Cheki namba tunayo, iko kwenye hati ya mshahara ya zamani. Ya mahakama ndiyo tunahangaika nayo.

Tehama Mlole: Na masjala ikiungua au mchwa wakiingia, mzee?

Karani Mstaafu: Ndiyo maana nasema mkae na sisi tuliobaki, mnakili faili moja moja tukiwa hai. Nani amewahi kutuita?

Binti Ujiji: Vijana wenyewe wa kuwaita wako wapi? Wa kompyuta akipangiwa Kigoma anaanza kuomba uhamisho kabla hajapata chumba. Kwa sababu ya maneno kama ya huyu, "mwisho wa reli, mwisho wa reli". Mwana Pwani, bado hujajibu: tungoje mpaka lini?

Mwana Pwani: Nimeshasema nilimaanisha mpangilio.

Binti Ujiji: Taja mwaka.