Dabo besi (fidla kubwa ya kusimama) yavuma noti moja tu, naomba ushauri

fundi_kibokoni
Salaam aleikum wazee. Nina jamaa wa udi, fidla na dumbaki wataka kurekodi taarab bila kinanda cha stima, vyote viko sawa ila dabo besi ndo yanitoa jasho. Chumba kiko hapa Kibokoni, ukuta wa mawe ya zamani, mita 4 kwa 3 hivi, nshatundika blanketi kila mahali. Nina maiki mbili, kondensa moja kubwa na SM57 ndogo. Nikieka kondensa kwa tundu la F (lile tundu la ubavuni mwa besi lenye umbo la f) napata mvumo mtupu, hasa mpigaji akigusa noti ya F ya chini hapo mpaka meza yatetema, lakini E na G hazina shida. Ana pikapu ya piezo (kinasa mtetemo) kwa daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, nikichomeka intafesi (kiboksi cha kuingiza sauti kwa kompyuta) sauti yatokea puani. Mi nataka mti usikike. Na arekodi peke yake ama wapige pamoja?

tudor_besi
Kwanza toa maiki kwa tundu bro. Ieke mbele ya daraja, juu kidogo, sentimita 30 mpaka 40, ielekee hapo ubao wa vidole unapoishia. Kondensa ikikaribia chombo sana yaongeza besi yenyewe. Ukitaka vidole ipandishe, ukitaka tumbo ishushe. Vaa hedifoni jamaa apige skeli polepole we wasogeza, skrini achana nayo.

babu_mawimbi
Mwamsumbua na maiki bure, hiyo F ni chumba. Kwa joto letu sauti yaenda kama mita 349 kwa sekunde, gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 8, wapata hezi (mitetemo kwa sekunde) 43.6, ndo noti chumba chenyewe chaivumisha. Haya, F ya chini ya besi ni 43.65! E iko 41, G iko 49, ndo mana zapona. Na hizo blanketi huko chini hazigusi kitu, zala sauti za juu tu, chumba chabaki kizito zaidi kuliko ulivokikuta. Mtoe jamaa kwa kona, asimame karibu na kati ya ule urefu wa mita 4, hapo hiyo F yakosa nguvu. Kwa upande wa mita 3 asiwe kati kati, usije ukahamisha shida.

mixa_dada
Pikapu usiitupe kaka. Piezo yataka ingizo lenye ukinzani wa megaohm moja kwenda juu, ukichomeka ingizo la laini sauti za chini zapotea, ndo hiyo pua yako. Tafuta swichi ya gitaa kwa intafesi. Kisha chini ya hezi 100 tumia pikapu, maana haisikii chumba sana, juu yake maiki. Maiki iko nyuma kama milisekunde moja kwa hiyo sogeza treki, geuza polariti (pindua wimbi la treki moja), chagua panaponenepa.

tudor_besi
Pikapu ni ya steji dada, studio yatoa plastiki.

mixa_dada
Chini ya 100 hiyo plastiki utaisikia wapi?

nyuzi_na_ngoma
Wapige pamoja, wallahi. Besi ya taarab hufuata pumzi ya mwimbaji na dumbaki, ukimfungia peke yake na kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) atapiga sawa lakini imekufa. Sikiza okestra za Unguja, Ikhwan Safaa wako tangu 1905, besi iko ndani ya watu. SM57 izungushie sponji uibane chini ya daraja, udi hautaingia sana. Dumbaki ikae mgongoni mwa kondensa.

fundi_kibokoni
Nimemsogeza na F imetulia, si kidogo. Sponji pia yafanya kazi, ila yangu yakwaruza akipiga kwa nguvu. Sasa pangaboi nalisikia kwa treki, nikizima jamaa walowa, na tuktuk huku nje hazilali.

babu_mawimbi
Anzeni baada ya isha mambo yakipoa. Poza chumba kabla, zima wakati wa kupiga, na eisi isimpulize besi moja kwa moja, mti ukilowa na kukauka hivo gundi yaachia. Atyuni kila wimbo ukiisha. Sponji ikikwaruza yagusa uzi, ishushe.