Nimekwanguliwa uso juu ya chunusi, sasa naambiwa ngozi yangu ndiyo mbovu

Wadau, nina hasira na sizifichi. Leo ni siku ya 12 tangu nifanyiwe dermapleningi, ile ya kukwanguliwa uso kwa wembe ili ngozi iwe laini, na shavu langu la kushoto limejaa madoa meusi ambayo sikwenda nayo.

Kwa asiyeijua: mhudumu anaivuta ngozi ikakaza, anaulaza wembe kama ule wa upasuaji kwa nyuzi 45 hivi, anakwangua kidogo kidogo. Yanatoka malaika ya usoni pamoja na seli zilizokufa za juu kabisa. Ikifanywa sawasawa haiumi, na uso unateleza kweli. (Wanaotishia watu kwamba wataota ndevu waache. Wembe unakata unywele tu, shina haligusi.) Kwa hiyo sina ugomvi na huduma yenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba sikuulizwa swali hata moja.

Hata moja! Sikuulizwa kama natumia retinoli, ile dawa ya kupaka ya kuharakisha ngozi kujibadilisha, na naipaka kila usiku. Ilitakiwa niiache siku kadhaa kabla. Sikuulizwa kama natumia vidonge vya isotretinoini, vile vya chunusi sugu, wala kama huwa natokwa na malengelenge mdomoni. Chunusi hata swali hazikuhitaji, zilikuwa wazi, tatu zenye usaha shavuni. Wembe ukipita hapo unazikata vichwa, na uchafu wake unasambaa kwenye ngozi ambayo imetoka kuvuliwa kinga. Nilimwambia, "Dada, hapo kuna chunusi." Akanijibu, "Tulia mpenzi, ndiyo dawa yake hii." Nikatulia, nikiamini kazi anaijua.

Alipomaliza akanipaka asidi ya glaikoliki, ile ya kuondoa ngozi iliyokufa. Juu ya ngozi mbichi! Tabaka lile likishaondoka, chochote unachopaka kinazama zaidi na kwa haraka. Uso uliwaka nikashika kingo za kitanda kwa mikono miwili. Yeye akasema eti ndiyo inafanya kazi. Ngozi nyeusi ikiungua au ikijeruhiwa humwaga melanini (ile rangi ya ngozi) palepale penye jeraha, na doa linalobaki linaweza kuchukua miezi kufifia. Anayehudumia watu weusi kila siku anakosaje kulijua hilo? Kinga ya jua nayo hakuitaja kabisa, nikatoka na uso ule juani saa saba mchana.

Lakini kinachoninyima usingizi si madoa, ni wembe. Nililala nimefumba macho, sikumbuki kusikia pakiti ikichanwa. Nilipopiga simu kuuliza nikajibiwa, "Usijali, huwa tunazisafisha kwa spiriti." Mnazisafisha? Basi mnazirudia! Wembe ule ni wa mtu mmoja, mara moja, kisha unatupwa kwenye kopo la vitu vyenye ncha kali. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 vikiwa bado vinaambukiza, na kwa chunusi zile zilizokatwa, damu ilinitoka. Siku ileile nilikwenda kupima. Majibu yalikuwa safi, ila kipimo cha mapema hivyo hakitoshi, inabidi nirudie. Kila nikiona simu ya hospitali moyo unaruka.

Niliwatumia picha za shavu. Wakajibu ngozi yangu ni nyeti, labda ni homoni, na kwamba watanipunguzia bei awamu ya pili. Awamu ya pili ya nini? Daktari wa ngozi ameniuliza asidi ile ilikuwa ya asilimia ngapi, nikabaki namtazama. Nimewauliza wao mara tatu kwa ujumbe. Wanasoma, hawajibu.

Punguzo silitaki. Nataka pesa yangu yote, nataka kiwango cha asidi waliyonipaka, na nataka waniambie kwa maandishi wembe ule ulitumika kwa nani kabla yangu. Kuna mtu humu amewahi kuwadai watu wa namna hii mpaka wakalipa? Ulianzia wapi, na ulihitaji barua ya daktari au picha zilitosha? Picha ninazo, za kabla na za kila siku baada ya hapo.