FL Studio, REAPER au Cubase? Kikundi chetu Lamu chataka kurekodi kabla ya Maulidi

udi_na_matari (Langoni, Lamu)
Assalamu alaikum wana jukwaa. Kikundi chetu kimechanga pesa za programu ya kurekodia na mweka hazina ataka jibu wiki hii. Zimebaki tatu: FL Studio, REAPER na Cubase. Kila ninayemuuliza anitajia ile anayotumia yeye. Ipi bora? Kompyuta tunayo.

fundi_wa_malindi
Waalaikum salaam. Kusema "kompyuta tunayo" hakutoshi, ndugu yangu. Ni Windows au Mac? RAM ngapi? Intafesi yenu, kile kifaa cha kuunganishia maikrofoni na kompyuta, ina inputi ngapi, yaani matundu ya kuingizia sauti? Mwapiga nini, na mwapiga wote kwa pamoja au mmoja mmoja? Pesa ni ngapi? Bila hayo kila mtu atakusifia yake tu.

biti_za_pwani
FL Studio, usipoteze muda. Ukishalipa mara moja, matoleo mapya wapewa bure maisha yako yote, ndiyo ahadi ya Image-Line wenyewe kule Ubelgiji. Mdundo waujenga kwa dakika tano. Vijana wote wa hapa Malindi wanaotoa nyimbo wanaanzia hapo.

mama_kasida
FL ipi lakini? Ile ya bei ya chini kabisa, Fruity, hairekodi maikrofoni. Akitaka kurekodi sauti ya mtu lazima apande hadi Producer. Na ile ya kujaribu yakuruhusu kuhifadhi kazi, ila huwezi kuifungua tena mpaka uilipie. Mwambieni mapema kabla hajatuma pesa.

biti_za_pwani
Sawa, Producer. Nilidhani hilo lajulikana.

udi_na_matari
Shukran. Laptopu ni Windows, RAM 8. Intafesi ina inputi mbili. Tuko watu tisa: udi, fidla, tashkota, kibodi, dumbak, waimbaji wawili na waitikiaji. Siku za kasida vyombo vyawekwa kando, yabaki matari na sauti. Twapiga pamoja, hatujawahi kupiga mmoja mmoja. Pesa ni elfu thelathini na ndiyo yote.

fundi_wa_malindi
Sasa twaongea. Watu tisa, inputi mbili! Tatizo lako la kwanza si programu. Ukinunua Cubase Pro au ukinunua nini, bado utakuwa na maikrofoni mbili tu, na ukitaka fidla ishuke kidogo, udi utashuka nayo.

Ushauri wangu: chukua REAPER. Leseni ya kawaida ni dola 60, kwa bei ya dola ya leo haifiki elfu nane. Ile ya dola 225 ni ya biashara inayoingiza zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, na nyinyi hamjafika huko. Waijaribu siku 60 ikiwa kamili, haikufungii chochote. Ni nyepesi, na laptopu ya RAM 8 itaibeba bila taabu. Kinachobaki, tafuteni intafesi ya inputi nane iliyotumika.

Jambo jingine ni nafasi ya kuhifadhi. Treki moja ya biti 24 kwa kilohezi 48 hula karibu MB 520 kwa saa. Zidisha mara nane, ni zaidi ya GB 4 kwa saa moja ya kikao. Wekeni akiba ya diski ya nje.

mwalimu_wa_maqam
Fundi, kwa intafesi nakubaliana nawe. Kwa programu, la. Mwenzetu amesema ana kibodi ndani ya taarabu. Huyo mpiga kibodi akipiga Rast, moja ya maqam (skeli) za Kiarabu, kuanzia Do, Mi na Si zataka zishuke robo ya sauti, yaani senti 50 hivi kwa kipimo cha muziki. Kibodi ya kawaida haina nota hiyo. Cubase ina Micro Tuner yake ndani, kila nota waisogeza kwa senti unazotaka. Ableton Live, programu nyingine ya kurekodia, nayo imeingiza mifumo ya kutuni tangu toleo la 12, mwaka 2024. Hapa Lamu ndipo alipozaliwa Zein l'Abdin, na udi wake mwajua ulivyokuwa ukilia. Twende tukarekodi taarabu ambayo kibodi na udi havisikilizani?

fundi_wa_malindi
Maalim, robo sauti ya kibodi yatoka kwenye kibodi yenyewe. Kuna Yamaha na Korg zilizotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu, zina vitufe vya kushusha nota. Akirekodi sauti inayotoka kwenye kibodi kama hiyo, REAPER itaipokea kama ilivyo. Na udi shingo yake haina vigawio kama gitaa, kidole ndicho kinachotafuta mahali. Programu haina la kuongeza hapo.

mwalimu_wa_maqam
Na asiyekuwa na kibodi ya namna hiyo? Elfu thelathini hazinunui moja.

mama_kasida
Hilo la robo sauti lina upande mwingine ambao hamjautaja. Msiwapeleke waimbaji wenu kwa fundi anayepitisha kila sauti kwenye kinyoosha-sauti, ile programu ya kusahihisha nota za mwimbaji. Kile kikiwekwa kwenye skeli ya Kizungu huivuta Mi ya Rast mpaka iwe Mi ya piano, na kasida yote yapoa. Mwimbaji hakukosea. Mashine ndiyo isiyoijua nota ile.

sauti_ya_shela
Mimi nitaeleza lililonifika ili mwenye pesa za watu asidharau suala la leseni.

Laptopu yangu ya kwanza ya kazi niliuziwa na fundi wa duka moja, sitalitaja. Aliniambia ameshanitilia programu kubwa ya kurekodia na plagini (programu ndogo za nyongeza) mamia, zote "zimefunguliwa". Nilikuwa mgeni wa mambo haya na bei ilikuwa nzuri. Nikarekodi nayo harusi tatu bila tatizo. Kisha wazee wa kike wa mtaa wetu wakakubali kurekodiwa vugo, ngoma ya wanawake. Wengine wao hawatoki tena nyumbani, kuwakusanya ilichukua wiki za kubembeleza. Tukakaa kwenye uwanda wa nyumba, pembe za ng'ombe zikapigwa, mashairi ambayo mimi sijayasikia popote yakaimbwa. Usiku nikafungua kazi ili nisafishe. Programu ikakataa, ikisema leseni si halali. Kesho yake mafaili yote yakawa yamebadilika majina na kuna ujumbe wa kutaka pesa. Kirusi kiliingia pamoja na kile kifunguzi cha fundi. Nikampigia simu, akaniambia nilete laptopu afute kila kitu aanze upya. Kwake ni laptopu tu.

Bibi mmoja kati ya wale ameshafariki. Mashairi aliyoyaongoza hakuna aliyeyaandika.

Kwa hivyo hii ya dola 60 ninaisikiliza kwa makini. Hata Audacity, programu ya kurekodia ya bure, ingenihifadhia vugo lile, na haina deni kwa mtu.

biti_za_pwani
Pole sana dada yangu. Mungu amrehemu bibi.

udi_na_matari
Amina. Kumbe hata sisi laptopu yetu imekuja na programu zilizotiwa na muuzaji. Nitaisafisha kwanza.

dumbak_6_8
Nirudi kwa FL. Mimi naipenda na naitumia, ila ukiifungua yakupa hatua 16 za kupanga mdundo, na chakacha huhesabiwa sita kwa nane. Unaweza kubadilisha, si kwamba haiwezi, lakini kila mara wajikuta ukiikumbusha kuwa wewe si mtu wa nne kwa nne. Wanaotoa chakacha ya lupu (kipande cha mdundo kinachojirudia) wakaiacha kwenye 16, mdundo wachechemea na mchezaji kiuno chake chajua.

biti_za_pwani
Weka hatua 12, umemaliza. Mimi hufanya hivyo kila siku. Mbona mwaifanya kubwa?

dumbak_6_8
Kwa lupu, sawa. Kwa watu tisa waliokaa chini wakitazamana, hakuna lupu. Matari ya kasida huanza taratibu, yakifika kwenye kiitikio cha mwisho yamekimbia. Ukiwawekea mlio wa kuhesabia masikioni wasikimbie, wapigaji watakutii na utapata kitu kilichonyooka kisicho na roho.

fundi_wa_malindi
Hapa sikubali. Mlio wa kuhesabia una faida. Mwimbaji akikosea ubeti wa tatu, warudia ubeti huo peke yake na waunga. Bila mlio, ukikata huku na kuunga kule kasi hazilingani, kila mtu asikia.

mama_kasida
Arudie kasida yote tangu mwanzo. Ndivyo inavyosomwa msikitini, hakuna aungaye.

fundi_wa_malindi
Kurekodi si kusoma msikitini, mama.

mama_kasida
Wao wameuliza ya Maulidi. Basi ni hiyohiyo.

udi_na_matari
Wazee wetu wako upande wa mama, mlio hawautaki. Swali langu jingine: pale tunapofanyia mazoezi ni chumba cha nyumba ya kale, kuta nene za mawe, chokaa juu. Sauti yarudi sana. Programu yaweza kuuondoa mwangwi?

sauti_ya_shela
Kuupunguza kidogo, ndiyo. Kuuondoa bila kuharibu sauti, hapana. Tandikeni mikeka na mazulia, simamisheni magodoro nyuma ya waimbaji. Na mpange saa. Kati ya Isha na usiku mkubwa ndipo pametulia, adhana zimekwisha na punda wamefungwa. Kwetu Shela shida ni jenereta za mahoteli stima ikipotea.

dumbak_6_8
Bora baraza la nje huko Matondoni, chini ya makuti. Makuti hayarudishi sauti.

sauti_ya_shela
Na upepo wa kusi utaufunika na nini? Maikrofoni itanguruma usiku kucha.

mwalimu_wa_maqam
Nyote mmeiacha kibodi yake. Nauliza tena, ni aina gani?

udi_na_matari
Ni Yamaha ya zamani, namba imefutika. Kesho nitaipiga picha. REAPER nimeanza kuipakua ya kujaribu, Cubase nitamwachia mweka hazina aulize bei. Fundi, hiyo intafesi ya inputi nane, Malindi zapatikana?

fundi_wa_malindi
Ninaye mtu anayeuza. Laptopu yako ina tundu la USB la aina gani, na chaji yake yakaa muda gani stima ikikatika katikati ya kasida?